Kalori Zilizoelea Juu

Kila jioni akitoka shule, Evaline aliketi na ungo mapajani akichambua maharage, huku maswali yakimtoka mfululizo. Kwa nini maharage huvimba yakichemka? Kwa nini mawese huganda asubuhi? Mama yake, Pelagia, alikuwa amezoea kumjibu kwa Kiha chao, "Mwana wanje, mwanangu, huo mdomo wako hauna likizo?"

Mwaka huo wa 2014, swali moja lilikuwa gumu kuliko yote. Kwa nini mdogo wake Majaliwa, mwenye miaka miwili, haongezeki uzito? Kliniki, hapo Kasulu mjini, Nesi Kuruthumu alimpima akatikisa kichwa. Mtoto hakuwa na malaria wala minyoo.

"Mama Evaline, huyu anahitaji kama kalori elfu moja kwa siku," alisema. "Asipoongezeka mpaka mwezi ujao, itabidi tumlaze."

Mama aliinamisha uso. Mtoto akilazwa, baba angebaki peke yake shambani wakati wa mavuno. Lakini kilichomchoma zaidi ni minong'ono ya majirani kwamba anamnyima mtoto chakula.

"Kalori ni nini, nesi?" Evaline alidakia.

"Ni kipimo cha nguvu iliyomo kwenye chakula. Gramu mia moja za unga wa muhogo, au za maharage makavu, zina kalori zaidi ya mia tatu. Gramu mia moja za mawese zina karibu mia tisa."

Mia tisa! Evaline alitoka pale kichwa kikimchemka. Alipita dukani kwa Mzee Gharibu akaazima mizani ndogo. Jumamosi alipima kila kilichoingia jikoni kabla hakijapikwa: unga, maharage, hata mawese ambayo mama alizoea kuyamimina kwa kukisia. Akajumlisha kalori zote, akawagawia walaji wote, Majaliwa akapewa fungu dogo la kitoto. Hata hilo fungu dogo lilitosha.

"Mama, hesabu inasema Majaliwa anapata chakula cha kutosha!"

"Basi iambie hiyo hesabu yako imnenepeshe," mama alijibu kwa uchungu.

Evaline aliumia. Alirudia hesabu, ikatoka vilevile.

Jibu lilimjia mahali ambapo hakulitarajia, kwenye vyombo vichafu. Sahani ya baba ilikuwa nyekundu kwa mawese. Aliisugua kwa jivu, akaongeza sabuni, bado ikawa inateleza. Bakuli la Majaliwa lilitakata kwa maji baridi matupu. Evaline alisimama nalo mkononi akiligeuzageuza. Mbona wote walipakuliwa kutoka sufuria moja?

Kesho yake alimkodolea macho mama akipakua maharage. Mama alianza na baba, kama ilivyo heshima ya nyumbani, akachota juu kwa juu, pale mawese yalipokuwa yameelea. Wakafuata wakubwa. Majaliwa alikuwa wa mwisho, na upawa ukamletea punje chache na maji ya chini.

"Mama, ngoja! Mafuta yote yako juu. Majaliwa anapata maji tu!"

Mama alichungulia sufuria, kisha bakuli. Machozi yakamlengalenga. "Yesu wangu! Na mimi nilidhani nampa mchuzi laini unaomfaa mtoto."

Baba alikuwa hajaanza kula. Aliisogeza sahani yake mbele. "Rudisha humo, ukoroge upya. Na kuanzia leo huyu apakuliwe kwanza. Heshima yangu haiko kwenye mafuta."

Tangu siku hiyo mama alikoroga mpaka chini kabla ya kupakua, na bakuli la Majaliwa likatangulia. Mwezi uliofuata mshale wa mizani ya kliniki ulipanda. Mama aliutazama mara mbili, akacheka kwa sauti.

Nesi Kuruthumu alitaka kujua walichofanya, na Evaline akamsimulia yote, kuanzia mizani ya duka hadi bakuli lililotakata bila sabuni.

"Hukumnyima mtoto, Mama Evaline," nesi alisema kwa upole. Kisha akamgeukia Evaline. "Na wewe hukukosea hesabu. Ila ulihesabu sufuria, na sufuria haikui, anayekua ni mtoto. Ukitaka kujua mtu amekula nini, pima kile kilichofika kwenye sahani yake."