Kimo cha Skrini ya Pili

Siku ya kwanza mpanga kurasa hakuogopa, aliudhika tu. Aliilaza kompyuta saa sita mchana, akala, akarudi saa saba kuiamsha. Feni ikavuma, taa za kibodi zikawaka, lakini skrini ikabaki nyeusi tii, na mshale wa kipanya umekaa peke yake katikati.

Maradhi hayo yalikuwa na dawa yake. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa fundi kompyuta. Ndiye aliyeiwekea mashine mfumo wa Linux na kubandika karatasi ya maelekezo ukutani: skrini ikigoma baada ya usingizi, bonyeza Ctrl, Alt na F3, ingiza nywila, kisha iulize mashine inaona skrini ngapi, uiamuru irudishe picha. Mama huyu hakuwa na subira ya kuuliza. Aliizima kwa nguvu, akaiwasha upya, akaendelea na kurasa za kitabu cha watu. Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa, akaendelea hivyo hivyo mpaka siku ya kumi na tatu, sura nzima ilipompotea kabla hajaihifadhi. Ndipo akasoma karatasi.

Mashine ikamjibu kwa herufi nyeupe: skrini mbili.

"Mbili ziko wapi?" aliiuliza. Tangu afiwe alikuwa amezoea kusemezana na vyombo.

Zamani zilikuwa mbili kweli. Yeye alikaa kushoto akipanga kurasa, mumewe kulia akizisoma na kusahihisha, na mshale wa kipanya ulivuka kutoka skrini hii hadi ile. Mkewe akikosea, mume alimsukuma kiwiko, kidogo tu, bila kusema neno. Miezi saba iliyopita alizikwa, na mjane akamwambia shemeji aichukue ile skrini ya kulia, maana kuitazama imezimwa kulimchoma moyo. Kiti hakukitoa.

Akapapasa nyuma ya kisanduku cha kompyuta. Tundu la waya wa skrini ya pili lilikuwa tupu, nalo lilikuwa na joto.

Mstari uliofuata ulitaja ukubwa. Skrini yake ilikuwa na kimo cha sentimita thelathini. Ya pili, sentimita mia moja hamsini na nane.

Mumewe alikuwa mfupi. Alipenda kutania kwamba akisimama na mkewe anaongea na bega. Kimo chake kilikuwa kimeandikwa kwenye kadi ya hospitali, ile kadi ambayo mjane aliishika mkononi wiki sita mfululizo: mia moja hamsini na nane. Alicheka, kisha akalia, kisha akakivuta kile kiti cha kulia karibu na meza.

Tangu hapo hakuizima tena kwa nguvu. Kila mchana aliiamsha, akairudisha picha kwa amri za kwenye karatasi, akausukuma mshale kulia mpaka ukavuka ukingo na kupotea. Alingoja. Muda si muda ukarudishwa, polepole, kama kwa kiwiko. Chumba kilinuka vumbi linaloungua, na dari lililia juu ya kile kiti, lakini mtu aliyekaa miezi saba bila wa kumsalimu asubuhi hatafuti kasoro kwa mgeni wake. Hata chai alianza kumimina vikombe viwili.

Shemeji alipopiga simu kumjulia hali, alimkuta mchangamfu kupita kiasi.

"Tuko kazini, shemeji. Tutakupigia."

"Mko wewe na nani?"

Simu ikakatwa. Kesho yake mchana fundi akawa mlangoni na begi lake. Ilikuwa siku ya kumi na tisa. Aliviona vile vikombe, akakaa upande wa kushoto kufungua kumbukumbu za mashine. Alisoma kwa muda mrefu.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, "hiki kimo ulikiangalia mara ngapi?"

"Mara moja ilinitosha. Mia moja hamsini na nane. Kimo cha kaka yako sikijui mimi?"

"Siku ya kwanza kilikuwa kumi na nne. Ya pili, ishirini na sita. Ya tatu, thelathini na nane. Kila ukiiamsha kinaongezeka kumi na mbili. Siku uliyoangalia kilikuwa kinapita tu hapo kwa kaka. Leo ni mia mbili na thelathini. Dari lako lina urefu gani?"

"Mita mbili na nusu," mjane alinong'ona, na hakuna kati yao aliyegeuka kulia, ingawa wote wawili walisikia kiti kikilegea taratibu kama kinavyolegea mtu anapoinuka, kisha ubao wa dari ukilia, kisha ile harufu ya vumbi linaloungua ikiwashukia kutoka juu, juu kabisa, mahali ambapo pua ya mtu wa kawaida haifiki hata akipanda juu ya meza.

"Mimi si mganga," fundi alisema, akiandika kwenye kibodi. "Ila tundu naweza kuliziba. Nimeandika mstari mmoja, mashine isiliangalie tena. Nywila ni yako."

"Na kama ni yeye, ila amerefuka huko aliko?"

"Kaka angerefuka, angepita kwanza kwangu kujisifu. Andika, shemeji. Tafadhali."

Aliandika. Mashine ikazimika, ikawaka. Harufu ikakatika. Waliilaza, wakaiamsha, na skrini ikafunguka safi na kurasa zote mahali pake. Fundi aliondoka jioni akimwapisha asiuguse ule mstari.

Mashine ikapona kabisa. Hakuna kilichomuumiza mjane kama kuiona ikiamka vizuri kila mchana, na mshale ukigonga ukingo wa kulia na kusimama hapo. Alivumilia mwezi mzima. Halafu akapiga hesabu: akiufuta mstari, kitu hicho kitaanza upya na kumi na nne, na siku ya kumi na tatu kitafika mia moja hamsini na nane. Atakuwa naye siku hiyo moja, kisha ataziba. Alijua fika kuwa si yeye. Upweke ulikuwa umemzidi nguvu.

Akaufuta. Akaiwasha upya, akailaza, akaiamsha. Skrini nyeusi, mshale peke yake. Akabonyeza Ctrl, Alt na F3, akashusha macho kwenye mstari wa ukubwa kutafuta kumi na nne.

Mia moja hamsini na nane.

Kitu hicho hakikuhitaji kukua tena. Kimo kinachotakiwa alikitaja mwenyewe, humu humu chumbani, kikisikia. Kiti cha kulia kikalia kwa uzito wa mtu anayekaa. Simu ilikuwa karibu, na namba ya shemeji ilikuwa ya kwanza. Aliitazama, akaigeuza kifudifudi, akasogeza kiwiko chake upande wa kulia, akangoja.