Hina ya Bakuli Moja

Kifuniko cha sanduku kiligonga, kikafunguliwa, kikagonga tena. Ilikuwa saa kumi na moja kasorobo, adhana bado. Bi Mwatum akainuka kitandani. Akajua chumbani kwa mpangaji wake kuna jambo.

"Karatasi ya mtihani imeibiwa," alisema Mwalimu Shemsa, taa mkononi. "Nililala imo humu. Mlango wa nje una komeo kwa ndani, Bi Mwatum. Mwizi tumelala naye."

Alfajiri hiyo ya mwaka 1954, nyumba ile ya Kikwajuni ililaza wasichana wawili: Wanu, mjukuu wa Bi Mwatum, na Biasha wa Malindi, aliyesoma naye darasa moja. Jirani palikuwa na harusi, na baada ya isha bibi aliwapaka hina viganjani, akawafunga vitambaa walale nayo.

"Jana Wanu aliniuliza vitenzi gani vya Kiingereza vinataka neno la kuvishikiza," alisema mwalimu. "'Listen' hutaka 'to', 'discuss' hakitaki kitu. Mtihani wote ndio huo. Saa mbili nitalipeleka jina lake kwa mwalimu mkuu. Atafukuzwa."

Bi Mwatum akamgeukia mjukuu wake. Wanu ndiye amana aliyoachiwa na marehemu binti yake.

"Wallahi sikuchukua, Bibi!" Wanu alilia. "Niliuliza kwa sababu Biasha havielewi. Nilitaka kumfundisha."

"Mimi mikono ilikuwa imefungwa," Biasha alisema upesi. "Nimefungua sasa hivi, mlipotuita, nikanawa. Ningefunguaje sanduku?"

"Na yangu je? Hina nilipakwa puani?"

Mwalimu akatazama saa yake. Bi Mwatum akaisogeza taa.

"Nipeni viganja, wanangu."

Vya Wanu vilikuwa vimekoza, vyekundu karibu na weusi. Vya Biasha vilikuwa rangi ya chungwa, vimepauka.

"Ngozi yangu haishiki hina, Bibi."

"Sikukuu ya mfungo mosi nilikupaka mimi. Ilikaa mwezi mzima, hadi mfungo pili." Bibi hakupandisha sauti. "Bakuli moja, saa ile ile. Hina isiyolala haikozi, mwanangu. Uliinawa mapema, usije ukaacha doa kwenye karatasi."

Biasha akatia mkono ndani ya foronya ya mto wake, akaitoa karatasi, nyeupe pe.

"Baba kasema nikianguka Kiingereza n'takwenda shamba kuolewa. Wanu kanieleza mara tatu. Nimeona haya kuuliza ya nne."

"Ungeacha nifukuzwe mimi?" aliuliza Wanu.

Biasha akaiweka karatasi mbele ya mwalimu.

"Wanu, nisamehe," alisema mwalimu. "Mtihani nitautunga upya. Lakini jina la Biasha sina budi kulipeleka."

Wanu alimwombea msamaha, haikusaidia. Basi akafunga mkate wa moto kwenye leso, akampa Biasha bila kumtazama. Bi Mwatum aliliona hilo, akavaa buibui.

Kulipopambazuka alimsindikiza binti yule hadi Malindi. Mlangoni kwa shangazi aliyeishi naye, Biasha alisita, viganja kavificha ndani ya buibui.

"Bibi, nilipokuwa na homa ulikuja kunitazama. Uje tena. Hata wakinifukuza skuli, Bibi, uje tena."