Kompyuta ya Chumba cha Nyuma

Duka la vifaa vya umeme lilifurika watu asubuhi ile. Mshonaji, ndani ya gauni la bluu alilolishona mwenyewe, alisukumwa mpaka akamkanyaga mguu fundi umeme wa duka. Wakaombana radhi, wakacheka. Alitaka betri ya nyumbani, ili umeme ukikatika cherehani isilale. Fundi akamtania kwamba betri hainunuliwi kwa kuangalia ukubwa wa boksi. Ataje kila kinachokula umeme kwake, na kwa saa ngapi. Akataja friji, taa sita, feni ya chumbani, cherehani na vitu vya kawaida vya nyumba.

"Na kompyuta ya mume wangu," akamalizia.

Ikamtoka tu. Mume alikuwa amefariki miaka miwili iliyopita, lakini ulimi uliozoea neno kwa miaka tisa hauliachi siku ya mazishi. Fundi, ambaye tayari alikuwa amempenda, akaandika bila kuinua uso.

Watu hukosea kukisia matumizi yao, kwa hiyo fundi alikwenda nyumbani kwake kumchomekea mita ndogo za kupima umeme kwenye kila soketi, zikae wiki nzima. Mshonaji akawa anapiga simu kila jioni, leo akiulizia friji, kesho taa, apate tu kumsikia.

"Usijali, shemeji," fundi alijibu kila mara, akakata.

Hilo shemeji lilimuuma mshonaji. Alitaka kusema kweli, akashindwa.

Siku ya saba fundi alirudi kusoma mita. Ile ya chumba cha nyuma ilionyesha sifuri.

"Shemeji, kompyuta haijawashwa wiki nzima. Mwenyewe amesafiri?"

"Amefariki. Mwaka wa pili sasa."

Fundi akaketi, akampa pole kwa sauti ndogo. Mshonaji alilia, naye hakuwa amelia mbele ya mtu tangu msiba.

"Niliona nisipoitaja, nitakuwa nimemzika mara ya pili."

"Basi tuiache kwenye hesabu. Betri nitaiongeza ukubwa kidogo."

Alisema hivyo huku akijua anajifungia mlango. Mshonaji akamwomba kalamu. Akaufuta mwenyewe ule mstari wa kompyuta, polepole.

"Na wewe, kwako unatumia nini?"

"Mimi? Taa moja na feni."

Mshonaji akaandika chini ya orodha: taa moja.

"Feni usilete," akasema. "Iliyopo chumbani inatutosha."