Chapati Tisa za Sabato

Siku ile mjinga alikuwa mimi. Nalisema hilo mapema ili usipoteze muda kumtafuta.

Kwetu Migori mjini, Ijumaa ni siku ya mbio. Mama, ambaye huuza ndizi sokoni, hufunga mapema, kwa sababu nyumbani kwetu jua likishatua Ijumaa hatuwashi moto wa kupika mpaka jioni ya kesho yake. Chakula cha Sabato huwa tayari, maji yamechotwa, viatu vinang'aa. Ijumaa hiyo Mama alipika chapati ishirini, akazipanga kwenye hotpoti, chombo chetu cha kutunza joto. Kesho yake Shangazi Eucabeth angekuja kula nasi pamoja na waimbaji watano wa kwaya yake kutoka Homa Bay. Jumapili wangerudi na dada yangu mdogo, Risper, akaimbe nao wiki mbili za likizo. Risper alikuwa amefunga begi lake tangu Jumatatu.

Mama alipoenda kuoga, alimwachia Risper ulinzi wa jikoni. Risper akatoka kidogo kuanua nguo, nami nikaingia kuonja chapati moja. Ya kwanza ilikuwa tamu. Ya pili nilikula ili kuhakikisha. Nilipofika ya tisa nilikuwa nimeacha kutafuta sababu. Hotpoti ikabaki nusu, basi nikachukua kitambaa cha meza, nikakikunja vizuri, nikakilaza chini. Zile chapati kumi na moja zikakaa juu yake kama vile ni ishirini. Nikajiona fundi.

Asubuhi kanisani, darasa letu lilikuwa na swali gumu: uovu wa binadamu ulitoka wapi? Mwalimu wetu, Monari, siku nyingine za juma hutengeneza baiskeli. Aliuliza nani amejisomea, nikasimama. Nikasema tunaambiwa Mungu aliona vyote alivyoumba kuwa vyema sana, lakini katika Isaya Mungu mwenyewe anasema ndiye anayeleta mabaya. Paulo anasema dhambi iliingia kupitia mtu mmoja, Adamu; Ezekieli naye anasema mtoto hatabeba kosa la baba yake. Nikamalizia na Mfalme Daudi, aliyekosa kwa kuwahesabu watu wake: kitabu cha Samweli kinasema Mungu ndiye aliyemchochea, na cha Mambo ya Nyakati kinasema ni Shetani.

Mwalimu alicheka, akasema maswali hayo yamewasumbua watu wenye mvi nyingi kuliko zake, wala yeye hana majibu yote. Ila aliniagiza nizisome zile habari mbili za Daudi mpaka mwisho. Sikusoma. Fundi hana haja ya mwisho.

Ibada ilipokwisha, Mama alimwalika Mwalimu pia. Tulikuwa watu kumi mezani. Mama akagawa chapati, akagawa, kisha mkono wake ukatoka na kitambaa.

Aliuliza kwa upole ni nani aliyeachwa jikoni. Risper akasema ni yeye, lakini hakula. Mama alisema kwamba mtu asiyeweza kulinda hotpoti moja hawezi kutumwa kwa watu, kwa hiyo kesho hataenda Homa Bay. Na moto haungewashwa. Wageni wangekula chapati moja moja. Risper alilitazama tu begi lake mlangoni.

Zile chapati tisa zikaanza kunisumbua upya, na safari hii si tumboni.

"Ni mimi, Mama," nikasema. Ningenyamaza hapo ningekuwa na akili. Nikaongeza, "Lakini hata Paulo anasema dhambi ilianzia kwa Adamu. Na pengine Shetani ndiye..."

"Mayaka," Mwalimu Monari akanikatiza, "zile habari za Daudi ulizisoma mpaka mwisho?"

Nikatikisa kichwa.

"Vile vitabu viwili havisemi kitu kimoja kuhusu aliyemchochea. Lakini katika vyote viwili, Daudi mwenyewe anasema amekosa sana. Hamtaji mwingine. Uovu ulianzia wapi, endelea kuuliza, hata mimi bado nauliza. Ila kosa ulilofanya kwa mkono wako, likubali kwanza, ndipo ufungue kitabu."

Nikamgeukia Risper, nikamwambia nimemkosea sana, bila kumtaja Adamu. Mama naye akamwomba radhi mbele ya wageni, akasema begi libaki pale pale mlangoni. Mimi nikapewa kazi ya kubeba ndizi sokoni wiki zote mbili za likizo.

Njaa haikumshika mtu. Shangazi alifungua kikapu chake, akatoa samaki aliowakaanga Ijumaa, na Mama akaleta beseni la ndizi mbivu. Chapati yangu nilimpa Risper. Tulikula tukicheka, wengi wakinicheka mimi, na moyo wangu ulikuwa mwepesi sana.

Mwepesi kupita kiasi. Nilipomenya ndizi ya tatu, ulimi ukaniwasha tena. Nikasema kwamba, kwa kweli, kama Adamu asingekula lile tunda, mimi ningekuwa mtoto mwema kabisa.

Risper hakuinua hata macho kutoka kwenye samaki wake.

"Sawa, tunda alikula Adamu," akasema. "Na kitambaa alikikunja nani?"