Drili Katikati ya Chumba

Kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi watu walikuwa wamebanana, na fundi wa ngazi, binti wa ovaroli la buluu na kilemba cha manjano, alikuwa na ubao mrefu begani. Akageuka. Nyuma yake kofia ya mtu ikaruka.

"Dada, ungenivunja kichwa nani angenyoa watu?"

"Kumbe kinyozi! Na hicho kichwa chako nani amesahau kukinyoa?"

Wakacheka, wakapeana namba. Simu zikawa kila jioni, mapenzi yakakolea, kinyozi akaposa. Akakodi nyumba yenye chumba kipana cha mbele, ili kiti chake cha kunyolea na drili kubwa ya mchumba wake vikae humo.

"Mpenzi, drili nimeshakufungia," akampigia. "Kona ya ndani kabisa, ukutani. Imetulia hiyo!"

Fundi akaja na ubao mrefu wa mguu wa ngazi, kuutoboa matundu ya kuingizia vidato. Tundu la kwanza, la pili, kisha ubao ukagonga ukuta. Hauendi. Akatazama kiti cha kunyolea kilivyojikalia katikati, kinameremeta, na damu ikamchemka.

"Kazi yangu ndiyo ya kufichwa kona kama ufagio?"

"Jamani, kule hakuna wa kukugonga..."

"Mji mzima unapanda ngazi zangu! Kama unazionea aibu, sema."

Akabeba ubao wake akaondoka. Alimpenda, na moyo ulimuuma kwelikweli, lakini kuolewa kwenye nyumba inayoificha kazi yake, hapana.

Simu ikaita wee. Mwishowe akapokea, amenuna.

"Nimekosa, fundi wangu. Nilipanga kama kinyozi. Kwangu mteja anakaa, mimi namzunguka. Nikasahau kwako ubao ndio unaotembea. Njoo na ule mrefu kuliko zote."

"Nakuja kuchukua drili yangu," akajibu. Hata hivyo alikifunga kile kilemba cha manjano.

Akaikuta drili katikati, mlango huku, dirisha kule. Akausukuma ubao kutoka mlangoni, tundu baada ya tundu, chumba kikinukia mbao mbichi, mpaka ncha ikatokeza dirishani, barabarani. Huko nje kinyozi alikuwa amesimama na shati la pasi, kifua mbele, akiwaelekeza wapita njia.

"Piteni upande ule, jamani! Mchumba wangu yuko kazini. Ngazi hiyo mnaiona? Yake!"

Fundi akajiona mrefu kuliko ngazi zake zote. Akageuka kufuta machozi, ndipo akakiona kiti cha kunyolea. Kiko kona, gizani, kimetazama ukuta.

"Kinyozi! Njoo humu."

"Naam, mpenzi."

"Hiki umekifichia nini?"

"Nafasi yako kwanza."

"Nani kakutuma? Shika upande ule. Mimi siolewi na mtu wa kona."

Wakakinyanyua wote wawili, wakakiweka ubavuni mwa drili, penye mwanga.