Sanduku la Barua la Kamardine

Kwenye skrini, jina la Kamardine lilikuwa na taa ya kijani, taa ya mtu aliyepo, na Kamardine alizikwa Mutsamudu, kisiwani Anzuani, siku tisa zilizopita.

"Mashine imekwama tu, mama," alisema Fouad, mwenye duka la intaneti pale Magoudjou, mtaa wa Moroni. Kukwama gani huko, jamani!

Chamsia, dada yake Kamardine, alisogea karibu na skrini. Kaka yake alimwachia wasia kwa simu, pumzi zikimwishia. Nguo zake zingechomwa, hirizi zake zingezikwa. Lililobaki ni sanduku la barua pepe, ambamo aliandika maneno ya jini kila lilipompanda.

"Neno la siri nimekupa. Futa sanduku zima, usisome hata mstari. Na jini likikuita, usiitike. Mimi lilinihamia mama alipokufa kwa sababu niliitika. Mfikirie mwanao Oumayma."

Chamsia aliapa. Lakini ndiyo ile 2008, Anzuani imejitenga, meli na ndege zimezuiwa, na yeye yuko Moroni, hata uso wa maiti hakuuona. Roho ilimuuma, maskini. Badala ya kufuta, akafungua barua moja tu, ya mwisho, ambayo haikuwa imetumwa.

"Bahari wameifunga. Nimekwama huku peke yangu. Nivushe, mdogo wangu."

Machozi yakamtoka. "Njoo, kaka," akanong'ona. "Njoo kwangu."

Ndipo alipoiona tarehe. Ilikuwa ya leo, asubuhi ileile, na kabla hajaondoa mkono mezani ikaja harufu ya asumini na udongo mbichi, umeme ukakatika, feni ikasimama, mashine zote zikazimika isipokuwa yake, na nyuma ya kiti chake mtu akashusha pumzi ndefu, ya msafiri aliyetua mzigo, ilhali Fouad alikuwa mlangoni na dukani hamkuwa na mteja mwingine.

"Fouad," alisema bila kugeuka, "nani yuko nyuma yangu?"

Fouad alitazama, akafumba macho, akaanza kusoma Ayatul Kursiyyu.

Kesho yake Chamsia alirudi, akafuta sanduku zima la kaka yake. Likafutika bila taabu. Akamshukuru Mungu, akafungua lake mwenyewe. Mlikuwa na barua moja ambayo hakuiandika, bado haijatumwa, na aliyeandikiwa ni Oumayma.

"Mama yako hana siku nyingi. Nikikuita, itika."