Vumbi la Kangaga

"Mimi nikipanda hata jiwe linaota," Cherehani alisema, akijipangusa mikono kwenye sare ya shule. Kisha akakumbuka bustani yake ya mwaka jana, akaongeza kwa sauti ya chini, "Mchicha tu ndio ulinikatalia."

Nyumbani walimwita Cherehani kwa jinsi mdomo wake ulivyokimbia. Kila jioni alisuuza vyombo kwenye bomba la uani, kisha akakaa na bibi yake karibu na kopo lenye kangaga, mmea wenye majani kama manyoya ya ndege. Kangaga hilo lilitoka kwenye kisima cha nyumba ya zamani. Nyumba yenyewe haipo tena, siku hizi hapo wanaegesha malori.

"Babu yako alishuka kisimani kunichumia hili," Bibi alipenda kusimulia, macho yakienda mbali. "Mle ndani kulikuwa na harufu ya mawe mabichi. Nikilinusa hili, namsikia akipiga mluzi."

Lakini kangaga lilikuwa limezeeka. Shina lilianza kuoza na majani yalibaki matatu tu. Likifa, ndiyo basi.

"Tutafute mbegu zake, Bibi."

"Utatafuta mpaka uote ndevu! Kangaga halina ua wala mbegu." Bibi akageuza jani. Chini yake kulikuwa na safu za vidoa vya kahawia. "Hivi ni vifuko vya vumbi. Mwalimu wako ataliita spora. Kila chembe inaweza kuwa kangaga."

Wakakung'uta vumbi hilo kwenye bakuli la udongo mbichi, wakalifunika kwa kioo. "Udongo usikauke," Bibi akaagiza. "Na mikono yako ikae mbali."

Wiki zikapita. Siku moja Cherehani akakuta udongo umetanda ukijani, kama ule uchafu wa nyuma ya tangi. Akaukwangua wote kwa kijiko, akautupa chini ya bomba linalovuja.

Jioni Bibi akauliza, "Hujaona vijani bapa, vidogo kuliko kucha ya mtoto, vyenye umbo la kopa ya karata? Kangaga huanza hivyo, halifanani na mama yake hata kidogo. Chembe za kiume huogelea kwenye maji mpaka zilifikie yai. Hapo ndipo kangaga lenyewe huchipua."

Cherehani akatazama bombani. "Bado, Bibi."

Kesho yake alikata jani moja la kangaga kuukuu, akachomeka ncha yake kwenye bakuli. "Bibi! Mama! Limeota!"

Bibi akavaa miwani, akakigeuza kile kijani kwa kidole. Vidoa vya kahawia vikamtazama.

"Hongera," akasema. "Mtoto kazaliwa leo, na tayari amebeba wajukuu! Tena kangaga changa hutoka limejikunja kama konokono. Hili limetoka limenyooka kama askari wa gwaride."

Mama akacheka hadi sufuria ikamponyoka. Cherehani hakucheka. Alilia, akasema yote.

"Ulitupa wapi?"

"Pale bombani."

Wakapiga magoti. Katikati ya mawe yaliyolowa, vikopa kadhaa vilikuwa vimejishikiza, hai kabisa. Wakavizungushia matofali, na nyumba nzima ikajifunza kuruka pale bila kukanyaga. Kangaga la kopo likafa kabla ya mvua. Mvua ilipokwisha, kwenye kikopa kimoja kulichomoza kitu kidogo kilichojikunja. Bibi akainama, akakinusa.

"Kukosea hakukuniuma, mjukuu wangu," akasema. "Kilichoniuma ni lile jani. Tulikuwa nayo matatu, ukakata moja ili unidanganye. Ungeniambia siku ile ile, tungeviokota hivi pamoja huku tunacheka. Ukiharibu kitu, njoo useme, tutafute namna."

"Nitasema, Bibi."

"Niige mimi. Tangu nizaliwe sijawahi kusema uongo."

Mama akakohoa. "Hata ule wa kisimani? Baba alikuwa hawezi hata kuchungulia kisima. Aliyeshuka ni wewe, na yeye alishika kamba huku kafumba macho. Alinisimulia mwenyewe."

Cherehani akamgeukia bibi yake. Bibi alikuwa ameinama ghafla, anatafuta miwani yake kwa bidii chini ya bomba, na miwani yenyewe alikuwa ameivaa.